UWANJA WA ASKARI NA MLANGO MWEMBAMBA WA HARVARD

Katika mji wa Boston, nchini Marekani, kando ya mto Charles, uko uwanja mpana uitwao Soldiers Field, yaani Uwanja wa Askari. Ardhi yake ilitolewa kwa Chuo Kikuu cha Harvard mwaka 1890 na Henry Lee Higginson, tajiri aliyekuwa amepigana akiwa meja katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vilivyoanza mwaka 1861 na kumalizika mwaka 1865. Aliitoa kwa ukumbusho wa marafiki zake sita waliolitumikia taifa katika vita hivyo. Mmoja wao alikuwa Kanali Robert Gould Shaw, kijana wa miaka 25, aliyeuawa mwezi Julai 1863 akiwaongoza askari weusi wa kikosi cha 54 cha Massachusetts kuishambulia ngome ya Wagner.

Uwanja huo ni wa michezo, lakini jina lake limeenea mpaka kwenye majengo ya jirani, na leo Soldiers Field ndiyo anwani ya Chuo cha Biashara cha Harvard, ambacho huhesabiwa miongoni mwa vyuo vya juu kabisa duniani katika kufundisha uongozi wa makampuni na mashirika. Basi kila mwaka maelfu ya vijana wa mataifa mbalimbali hugombea nafasi ya kusoma mahali palipopewa jina la askari.

Huenda wasomaji wetu wa jeshi na polisi wakauliza: Habari za chuo cha matajiri wa ng'ambo zatuhusu nini sisi tulio kambini na vituoni? Twajibu kwamba zatuhusu kwa sababu mbili. Kwanza, historia ya chuo hicho imefungamana na historia ya askari. Pili, kuchagua watu ni kazi yetu ya kila siku. Nani apelekwe kozi, nani apandishwe cheo, nani akabidhiwe ufunguo wa ghala la silaha au sanduku la mishahara: mambo hayo huamuliwa na watu, na uamuzi mbaya huwaumiza wengi. Yafaa basi tutazame jinsi wengine wanavyochagua, tuchukue lililo jema na tuliache lililo na kasoro.

NAFASI CHACHE, WAOMBAJI WENGI

Chuo kilipofunguliwa mwaka 1908 hapakuwa na msongamano wowote mlangoni. Wanafunzi wa mwaka ule wa kwanza hawakufika mia moja. Hali ya leo ni nyingine kabisa. Mwaka 2024 waombaji walizidi 9,000, na walioingia darasani walikuwa kama 930. Maana yake ni kwamba katika kila watu kumi waliogonga mlango, aliyeingia alikuwa mmoja hivi. Wale waliobaki nje nao hawakuwa watu dhaifu. Walikuwa na shahada zao, wengi walikuwa wamekwisha fanya kazi kwa miaka kadhaa, na si wachache waliokuwa na alama nzuri za mtihani kuliko baadhi ya waliokubaliwa.

Jambo hili la mwisho huwashangaza watu wengi. Tumezoea kuamini kwamba mwenye alama nyingi ndiye mshindi, na kwamba orodha ya matokeo ikisha kubandikwa ukutani, shauri limekwisha. Katika chuo hiki sivyo. Ili tuelewe kwa nini, hapana budi tutazame kwanza jinsi masomo yenyewe yanavyofundishwa.

Tangu miaka ya 1920 chuo hicho hufundisha kwa njia ya visa. Mwanafunzi hupewa maelezo ya jambo lililotokea kweli katika kampuni au shirika fulani: fedha zimepungua, wafanyakazi wamegoma, mshindani ameshusha bei, na mkuu wa shirika anatakiwa aamue kabla ya asubuhi. Usiku mwanafunzi husoma na kupiga hesabu, na asubuhi huingia katika darasa la watu wapatao tisini, ambamo mwalimu anaweza kumtaja yeyote na kumtaka aeleze angefanya nini. Katika miaka miwili mwanafunzi hupitia visa vipatavyo 500. Sehemu kubwa ya alama zake hutokana na yale anayoyasema darasani.

Maofisa waliopitia mafunzo ya ukamanda wataitambua njia hii mara moja, kwani yafanana na mazoezi ya ramani. Adui yuko hapa, daraja limevunjika, mvua inanyesha: toa amri yako. Na kama ilivyo katika mazoezi hayo, wanafunzi hufundishana wao kwa wao. Aliyefanya kazi hospitali humfundisha aliyetoka benki, na aliyeongoza askari humfundisha ambaye hajawahi kumwamuru mtu yeyote. Kwa hiyo wenye kazi ya kuchagua hawatafuti watu 930 wenye akili za namna moja. Wao hutengeneza darasa, kama kamanda anayeunda kikosi chenye wapiga mizinga, mafundi, madereva na watu wa simu.

ASKARI WALIVYOINGIA

Vita Kuu ya Pili ya Dunia ilikibadili chuo hicho. Mwaka 1942 Jeshi la Anga la Marekani liliona kwamba lina ndege, mabomu, vipuri na marubani wengi, lakini halina hesabu ya kuaminika inayoonyesha kila kitu kiko wapi. Likaomba maofisa wake wafundishwe hapo kazi ya takwimu. Mwaka uliofuata masomo ya kawaida ya raia yalisimamishwa, na madarasa yakaachiwa mafunzo ya kijeshi. Mmoja wa walimu, naye profesa Georges Doriot, mzaliwa wa Ufaransa aliyekuwa askari wa mizinga katika Vita ya Kwanza, aliingia jeshi la Marekani katika idara ya ugavi na kupanda hadi cheo cha Brigedia Jenerali. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha kwamba askari wana viatu, nguo na vyakula vinavyofaa kwa baridi, joto na matope. Mwaka 1957 Doriot huyo huyo alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa chuo cha biashara cha INSEAD huko Fontainebleau, Ufaransa, ambacho nacho leo kina sifa kubwa duniani.

Mwezi Juni 1944 serikali ya Marekani ilipitisha sheria ya kuwalipia ada za masomo askari watakaorejea kutoka vitani. Sheria hiyo iliwafungulia milango ya vyuo vikuu watu wengi ambao baba zao wasingeweza kabisa kulipa gharama hizo. Wanafunzi waliomaliza Chuo cha Biashara cha Harvard mwaka 1949 wengi wao walikuwa askari wa zamani. Walikuja na umri mkubwa kidogo, wengine na wake na watoto, na waliharakisha kusoma kwa sababu vita vilikuwa vimekwisha kula miaka yao. Darasa hilo lilikuja kuwa mashuhuri kuliko yote, kwani wengi walioketi ndani yake walikuwa wakuu wa makampuni makubwa.

Hapa pana funzo kwa serikali yoyote. Askari hao hawakuwa na akili mpya walizozipata vitani. Akili walikuwa nazo tangu zamani, lakini hakuna aliyekuwa amewafungulia mlango.

MTIHANI NA MIPAKA YAKE

Baada ya vita waombaji waliongezeka, na vyuo vikatafuta kipimo kimoja cha kuwalinganisha. Mwaka 1953 vyuo kadhaa vya biashara vilikubaliana kuwa na mtihani wa pamoja, nao ukafanywa kwa mara ya kwanza mwaka 1954. Mtihani huo ndio ambao baadaye uliitwa GMAT. Hupima hesabu, ufahamu wa lugha na uwezo wa kupambanua hoja. Kwa miaka mingi alama zake za juu kabisa zilikuwa 800, na kati ya walioingia Harvard mwaka 2024 kwa mtihani wa namna hiyo, nusu walikuwa na alama 740 au zaidi. Siku hizi chuo hupokea pia mtihani mwingine uitwao GRE.

Yafaa ikumbukwe hata hivyo kwamba mwaka 1985 chuo hicho kiliacha kabisa kuutaka mtihani wa GMAT, kisha katika miaka ya 1990 kikaurudisha. Kuuacha na kuurudisha huko kwatuonyesha kwamba hata wataalamu wenyewe hawakuwa na hakika moja juu ya thamani yake. Mtihani hueleza kama mtu ataweza kuyafuata masomo. Hauelezi kama atasema kweli wakati uongo una faida, wala kama watu watamfuata.

Kwa ajili hiyo mtihani umewekwa kuwa kipimo kimoja miongoni mwa vingine. Mwombaji hupeleka matokeo ya shahada yake ya kwanza, maelezo ya kazi alizofanya, barua mbili za watu wanaoijua kazi yake, na insha. Tangu mwaka 2024 insha hizo ni tatu, na zote ni fupi: ya kwanza haizidi maneno 300, na mbili nyingine hazizidi maneno 250 kila moja. Baadhi ya waombaji huitwa kwa usaili wa nusu saa mbele ya mtu aliyekwisha kuzisoma karatasi zao zote, na hakuna anayekubaliwa bila usaili huo. Wala si kila anayesailiwa hukubaliwa.

WANACHOKITAFUTA

Kwa miaka mingi chuo kilitangaza sifa tatu: mazoea ya kuongoza, uwezo na hamu ya kuchambua mambo, na moyo wa kushiriki katika jumuiya. Mwaka 2024 sifa hizo ziliandikwa upya. Sasa hutakiwa mtu mwenye nia ya kutumia biashara kuleta mabadiliko, mwenye kujali uongozi, na mwenye kutaka kuendelea kujifunza na kukua.

Maneno yamebadilika, lakini kiini kimebaki kile kile: mtu huyu alipokabidhiwa watu na dhamana, alifanya nini? Wasomaji wa karatasi zile hawaridhiki na cheo. Cheo hueleza kwamba mtu alipewa madaraka. Wao wanataka kujua aliyatumiaje.

Ni hapo ambapo mtu wa jeshi au polisi ana hazina ambayo mara nyingi haijui. Kijana wa benki mwenye miaka 26 huenda hajawahi kumwongoza mtu hata mmoja. Luteni wa umri huo ameongoza platuni nzima, amejua nani mgonjwa, nani amefiwa, nani mlevi, na nani aweza kuaminiwa usiku wa giza. Ndiyo maana kila mwaka darasa la Harvard huwa na maofisa waliotoka katika majeshi.

Lakini wengi wao huikwaa hatari ya namna moja, nayo ni lugha. Askari huandika kwa vifupisho vya vikosi, namba za operesheni na majina ya silaha, na raia anayesoma haambulii kitu. Aidha, askari amefundishwa kusema "sisi" na kuona haya kusema "mimi". Adabu hiyo ni njema kambini, lakini msailiwa asiyeweza kueleza yeye binafsi aliamua nini humwacha msaili gizani.

Tuchukue mfano wa kubuni. Ofisa mmoja wa ugavi aandika kwamba alikuwa msimamizi wa bohari ya kikosi kwa miaka mitatu na alitekeleza kazi zake kwa ukamilifu. Sentensi hiyo ni ya kweli, lakini haisemi chochote. Mwenzake aandika kwamba alipopokea bohari alikuta daftari na mali haviafikiani, kwamba alihesabu kila blanketi yeye na sajini wake kwa majuma mawili, kwamba upotevu ulimgusa mtu aliyekuwa rafiki yake, na kwamba aliripoti hivyo hivyo. Kisha aeleza utaratibu aliouweka, na ni kosa gani alilolifanya yeye mwenyewe katika kuuweka. Huyu wa pili amejieleza. Msomaji aliyeko Boston, ambaye hajapata kuiona bohari ya jeshi maishani mwake, amemfahamu mtu.

Inspekta wa polisi naye anayo ya kusimulia: zamu alizozipanga upya ili askari wake wapumzike, kundi la watu wenye hasira alilolituliza bila risasi, mahabusu aliyemlinda asipigwe. Mambo hayo ni uongozi, hata kama hayakuandikwa katika kitabu chochote isipokuwa kitabu cha matukio.

Hatutaki kumdanganya msomaji. Bila ya shahada ya kwanza mlango huo haufunguki, na wengi wa askari wetu wa vyeo vya chini hawakupata bahati hiyo. Lakini jinsi ya kujieleza tuliyoitaja hutumika popote: mbele ya bodi ya kupandisha vyeo, katika chuo cha ufundi cha hapa nyumbani, au kwa mwajiri, siku askari atakapovua sare angali na nguvu zake.

HAKI NA FEDHA

Mlango huo mwembamba haukuwa wa haki siku zote. Wanawake hawakuruhusiwa kuingia katika mwaka wa kwanza wa masomo hayo ya miaka miwili hadi mwaka 1963, na walioingia mwaka huo walikuwa wanane tu. Wamarekani weusi walikuwa wachache sana kwa miongo mingi, ingawa uwanja wa jirani ulikuwa ukumbusho wa kamanda aliyekufa pamoja na askari weusi. Baadaye vyuo vya Marekani vilianza kuzingatia rangi ya mwombaji kama jambo moja miongoni mwa mengi, ili kurekebisha dhuluma ya zamani. Tarehe 29 Juni 2023 Mahakama Kuu kabisa ya nchi hiyo, katika kesi iliyofunguliwa dhidi ya Chuo Kikuu cha Harvard, iliamua kwamba jambo hilo ni kinyume cha katiba. Hata hivyo ilisema kwamba mwombaji aweza kueleza jinsi rangi yake ilivyoyagusa maisha yake. Wako wanaousifu uamuzi huo kuwa ni usawa, na wako wanaoulaumu kwamba umefunga mlango uliokuwa ndiyo kwanza umefunguka.

Kisha kuna fedha. Ada ya masomo peke yake hupita dola 75,000 kwa mwaka, bila kuhesabu chumba na chakula. Chuo husema kwamba hakimchagui mtu kwa kutazama mfuko wake, na mwaka 2022 kilitangaza kuwalipia ada yote wanafunzi wenye shida zaidi, ambao ni kama mmoja katika kila kumi. Hilo ni jema. Lakini aliyekulia katika nyumba ya vitabu, akasoma shule nzuri na kulipiwa mwalimu wa kumwandaa kwa mtihani, hufika mlangoni akiwa amepanda farasi, na mwingine hufika kwa miguu. Mchaguzi mwenye haki huuliza pia kila mmoja ametoka wapi.

MTU ALIYESHINDA KILA MTIHANI

Tungekosea kama tungemaliza kwa sifa tupu. Yupo mhitimu mmoja wa chuo hicho ambaye maisha yake yawapasa askari kuyatafakari. Robert McNamara alimaliza hapo mwaka 1939, akarudi kufundisha, na wakati wa vita akaingia Jeshi la Anga kufanya kazi ya takwimu. Mwaka 1946 yeye na wenzake waliajiriwa na kampuni ya magari ya Ford, na mwaka 1960 akawa rais wake. Kuanzia mwaka 1961 hadi 1968 alikuwa Waziri wa Ulinzi wa Marekani.

Hakuna kamati ya uchaguzi ambayo ingemkataa mtu huyo. Alikuwa na akili kali, bidii na uwezo wa kuongoza. Lakini katika vita vya Vietnam alitaka ushindi upimwe kwa tarakimu, na tarakimu iliyopewa uzito mkubwa ilikuwa ile ya maiti za adui. Makamanda walipoona kwamba hesabu ndiyo inayotakiwa, baadhi yao waliiongeza. Taarifa zilizofika mezani kwa waziri zilikuwa safi na zimepangwa vizuri, huku vita vyenyewe vikienda upande mwingine. Mwaka 1995 McNamara mwenyewe alikiri katika kitabu chake kwamba yeye na wenzake walikosea vibaya.

Haki yake tumpe. Baadaye aliongoza Benki ya Dunia hadi mwaka 1981, na mwezi Septemba 1973 alisimama Nairobi, mbele ya mkutano wa mwaka wa benki hiyo, akawataka wakubwa wa dunia wawatazame mamia ya milioni ya watu walio katika umaskini mkuu, na wakulima wadogo hasa. Huenda alikuwa amejifunza kwamba nyuma ya kila tarakimu yuko mtu.

NENO KWA WACHAGUZI

Wako miongoni mwa wasomaji wetu wanaokaa upande wa pili wa meza: wakuu wa vikosi, wakuu wa vituo, wajumbe wa bodi. Kwao twasema hivi. Chuo tulichokieleza kina fedha nyingi na wataalamu wengi, nacho hakithubutu kumchagua mtu kwa karatasi moja. Husoma, huuliza waliofanya kazi naye, kisha humkalisha na kumsikiliza. Sisi tusio na fedha hizo hatukosi nusu saa ya kumsikiliza kijana kabla ya kulikata jina lake katika orodha.

Na barua ya kumthibitisha mtu isiandikwe kwa maneno ya mazoea, kwamba ni mtiifu, ni mchapakazi na ana nidhamu, kama tulivyowaandikia wote waliomtangulia. Iseme alifanya nini, lini, na jambo gani lingaliharibika kama asingekuwapo. Mkubwa asiyeweza kuandika sentensi moja ya namna hiyo juu ya askari aliyekaa naye miaka mitano ajiulize kama amepata kumtazama. Mjue mtu wako kwanza, kisha ndipo utie sahihi.